UFUNGUO WA GARI NI AMANA

Alfajiri, kabla wavuvi hawajarudi pwani na kabla dele la kwanza la kahawa halijafika barazani, katika yadi za ofisi zetu, za hoteli zetu na za wenye magari ya abiria hutendeka jambo dogo ambalo hakuna anayelitilia maanani. Mlinzi hufungua kabati, hutungua ufunguo kwenye msumari, humkabidhi dereva, na dereva hutia saini katika daftari. Husalimiana na kujuliana hali. Dereva akijibu kwamba hajambo, basi hajambo, na gari hutoka. Hakuna aliyeuliza dereva huyo amelala saa ngapi, wala jana usiku alikunywa nini, wala kama zile dawa za mafua anazotumia tangu juzi humfanya asinzie.

Leo twapenda kuzungumza juu ya ufunguo huo, na juu ya mkono unaoutoa. Mazoea yetu ni kumtazama aliyeupokea peke yake. Gari likipinduka, dereva ndiye anayetafutwa, ndiye anayewekwa ndani, ndiye anayelaaniwa katika mabaraza ya mjini na shamba. Akigundulika kuwa alikuwa amelewa, basi shauri huwa limekwisha: kosa ni lake, na sisi wengine wote ni watu wema. Hatukubaliani na hukumu hiyo. Twaamini kwamba mtu anayeendesha gari kwa kuajiriwa, akiingia barabarani na kileo kichwani, nyuma yake yuko mtu mwingine aliyempa ufunguo bila ya kumtazama; na huyo naye ana la kujibu.

Ajali na kinga

Wako watakaotujibu kwa methali isemayo kuwa ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kale na ina mahali pake: hutumika kumliwaza aliyefikwa. Haikutungwa iwe hati ya kumwachia huru mzembe. Imani ya kadari iliyomo nyoyoni mwa watu wa visiwa hivi haijamzuia hata mmoja wetu kufunga mlango wake usiku, wala haijamfanya nahodha aache kutazama upepo kabla ya kutweka tanga. Iko ajali isiyo na kinga, na iko ajali ambayo kinga yake ilikuwapo tangu jana usiku, ila hakuna aliyeishughulikia. Ajali ya dereva aliyelewa ni ya aina hii ya pili.

Wala jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 zaidi ya ajali hizo. Vifo 9 katika kila 10 hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, nchi mfano wa yetu. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwetu visiwani takwimu hizo zina sura tunazozijua. Barabara za Unguja na Pemba hupita katikati ya vijiji. Kutoka kizingiti cha nyumba hadi kwenye lami ni hatua chache tu, na katika hatua hizo hupita mtoto anayekwenda skuli, mama mwenye ndoo ya maji, na mzee anayerudi msikitini. Dereva akipotewa na fahamu kwa muda wa kupepesa jicho, hao ndio walio mbele yake.

Dereva wa kazi

Yawezekana msomaji akauliza kwa nini twamtaja hasa dereva aliyeajiriwa, ilhali walevi wamo pia miongoni mwa wenye magari yao. Sababu ni hii. Mwenye gari lake, akiamka vibaya, aweza kusema leo sitaendesha, nitapanda daladala. Dereva wa kazi hana nafasi hiyo. Saa ya kuondoka amepangiwa, gari amepangiwa, mzigo amepangiwa. Akisema hajisikii vizuri, ataulizwa cheti cha daktari. Akisema kweli kwamba jana alilewa, atafukuzwa. Kwa hiyo hunyamaza, huosha uso, huchukua ufunguo.

Na hebu tuwahesabu madereva hao. Wamo wa wizara na mashirika ya serikali, wa magari ya wagonjwa, wa malori ya mchanga na kokoto, wa magari ya mafuta, wa mabasi ya wanafunzi, wa daladala, wa magari ya watalii yaendayo Nungwi na Paje, na wale wanaowarudisha wafanyakazi wa hoteli majumbani mwao usiku wa manane. Wamo vijana wa bodaboda wanaopeleka vifurushi. Wamo pia wale ambao hawaitwi madereva kabisa: bwana shamba, mkaguzi wa afya, fundi wa umeme, ambao kila siku huendesha gari au pikipiki ya ofisi ili waifikie kazi yao. Hawa wa mwisho ndio husahauliwa zaidi, kwa kuwa katika barua zao za ajira neno udereva halimo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya mwaka 2005, tumezoea kuifikiria tunapoona mashine za kiwanda au jengo linalojengwa. Lakini mahali pa kazi pa dereva ni barabara, na mashine yake ni gari. Mwajiri asiyekubali mtu aliyelewa asimame mbele ya msumeno wa umeme hana hoja ya kumkubalia mtu huyo huyo akae nyuma ya usukani na abiria 20 nyuma yake.

Jambo la aibu

Hapa ndipo tunapogusa jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulisema. Jamii yetu kubwa ni ya watu ambao dini yao imekataza kileo, na twashukuru kwamba katazo hilo limewalinda wengi. Lakini katazo si ushahidi kwamba kitu hakipo. Tembo la mnazi lagemwa. Gongo lapikwa. Bia imo hotelini na imo katika vilabu, na wanaoinywa si wageni peke yao. Bangi twainusa vichochoroni. Mirungi, ingawa ni marufuku katika Jamhuri yetu, huonekana mashavuni mwa watu. Na unga umekwisha kuingia katika nyumba nyingi za visiwa hivi, nyumba za matajiri na za maskini, ukatoka na vijana wetu.

Aibu ni kitu chema ikimzuia mtu asitende. Ikimzuia asitibiwe, imegeuka kuwa maradhi ya pili. Mkuu wa ofisi asema: ofisini kwangu hakuna walevi, sote ni watu wa heshima, na kwa hiyo haandiki kanuni, kwa kuwa kuiandika kungekuwa ni kukiri. Mwenzake dereva anayejua ukweli hasemi, kwa kuchelea kumwaga unga wa mwenziwe. Mke hasemi. Sheha hasemi. Wote hao husema siku ya maziko. Wahenga walitwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutwambia kwamba maradhi ya dereva huwaumbua na wapita njia.

Hesabu ya asubuhi

Kosa la kwanza la fikra ni kudhani kwamba mlevi ni yule anayepepesuka. Huyo hana hatari kubwa kazini, maana hata mlinzi kipofu angemzuia. Mwenye hatari ni yule aliyelala, akaamka, akaoga, akavaa shati safi, na kuapa kwa dhati ya moyo wake kwamba pombe imekwisha mwilini.

Tuifanye hesabu. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 5, ina takriban gramu 20 za kileo. Mtu mzima wa kilo 70 akinywa chupa 5 tangu saa mbili usiku hadi saa sita usiku, ameingiza mwilini gramu 100. Ini la binadamu halina haraka: kwa kadiri ya kawaida hupunguza miligramu 15 hivi kwa kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Kwa kiasi alichokunywa mtu wetu, ambacho kingetosha kufikisha miligramu 210, zahitajika saa 14 tangu alipoanza. Maana yake ni kwamba saa kumi na moja alfajiri, anapochukua ufunguo, bado ana miligramu 75 hivi. Saa kumi na mbili, anapompitia mkubwa wake, ana 60. Damu yake haitakuwa safi kabla ya saa nne ya asubuhi, wakati ambapo amekwisha kwenda Makunduchi na kurudi.

Hesabu hii hutofautiana baina ya mtu na mtu. Mwembamba huchukua zaidi, na ini lililochoka huchukua zaidi. Lakini hakuna anayeipita kwa ujanja. Kahawa chungu humfanya mlevi awe macho, haimfanyi awe mzima. Maji ya baridi humlowesha tu. Ndimu, supu ya pweza, tembe za kichwa, kutoka jasho, vyote havimhimizi ini. Dawa ni saa, na saa hazinunuliwi.

Na tuvilinganishe viwango. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania Bara ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha jumla cha miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kikomo cha miligramu 50 kwa watu wazima na 20 kwa madereva wachanga. Mabaharia nao, kwa mabadiliko yaliyopitishwa Manila mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2012, wamewekewa kikomo cha miligramu 50 wanapokuwa na dhamana ya usalama wa chombo. Basi mtu wetu wa saa kumi na mbili, kwa miligramu zake 60, angeteremshwa chomboni huko baharini. Lakini barabara ya Mwera au ya Wete angeipita amekaa wima, na ameaminiwa roho za watu.

Tena haifai mtu aishike namba 80 kama ruhusa ya kunywa. Utafiti mashuhuri ulioongozwa na Robert Borkenstein huko Grand Rapids, Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1960, uliwalinganisha madereva waliopata ajali na wale waliopita mahali pale pale bila ya kupata ajali. Ulionyesha kwamba hatari hupanda kadiri kileo kinavyopanda, na hupanda kwa kasi zaidi kila kiwango kinapozidi. Kikomo cha sheria ni mahali pa kuanzia adhabu. Hatari huanza kabla yake.

Yale yasiyonuka

Pombe angalau ina harufu. Bangi humchelewesha dereva kukanyaga breki na kumharibia kipimo cha umbali. Heroini humtia katika usingizi wa kichwa kuinama na kuinuka. Mirungi hufanya kinyume: humkesha, humpa ujasiri asiokuwa nao, kisha nguvu yake ikimwishia mwili hudai usingizi wote uliokopwa, na hudai papo hapo, gari likiwa katika mwendo.

Zipo pia dawa za halali. Piritoni, ambayo kila duka la dawa huiuza kwa mafua na miwasho, humtia mtu usingizi. Dawa za kutuliza na za kulaza, na baadhi ya dawa kali za maumivu, hufanya vivyo hivyo. Dereva anayezimeza si mhalifu, ni mgonjwa. Lakini gari halijui tofauti hiyo. Twaona ni wajibu wa daktari na wa muuza dawa kumwuliza mgonjwa swali moja jepesi: kazi yako ni ipi? Na ni wajibu wa ofisi kuhakikisha kwamba dereva anayejibu kweli hapotezi riziki yake kwa ukweli huo.

Mwajiri mwenye mkono wake

Kabla hatujafika kwenye dawa, hatuna budi kumtazama mwajiri usoni. Yako mambo ambayo yeye mwenyewe huyapanda, kisha humshangaa dereva kwa kuyavuna.

Mwenye daladala humtaka dereva alete hesabu kamili kila jioni, iwe kuna abiria au hakuna. Ili aitimize, dereva huanza safari ya kwanza kabla ya jua na kumaliza baada ya isha, siku baada ya siku. Mwili haukubali, hapo ndipo anapopewa shauri la mirungi na wenzake. Je, mirungi ile kainunua nani?

Mkubwa wa ofisi huenda katika dhifa. Dereva humngoja nje tangu magharibi hadi usiku mwingi. Huko nje hana kiti, hana chakula, ila wako madereva wengine na iko chupa inayopitishwa. Mkubwa akitoka hukuta gari linamngoja, na hujisifu kwamba dereva wake ni mtiifu. Mara nyingine mkubwa mwenyewe ndiye aliyekunywa, naye hunyosha mkono: lete ufunguo, nitaendesha mwenyewe. Dereva atamkatalia kwa kanuni gani, ikiwa kanuni haipo?

Hoteli huwalipa vijana wa zamu ya usiku, kisha huwarudisha kwa gari ambalo dereva wake ameanza kazi tangu asubuhi. Haya yote si ulevi wa dereva peke yake. Ni ratiba iliyoandikwa na mtu asiyelewa.

Funzo la wenzetu

Tarehe 4 Januari 1987, huko Chase, Maryland, nchini Marekani, treni ya abiria iligonga injini za treni ya mizigo zilizoingia katika njia yake, wakafa watu 16. Wafanyakazi wa injini zile waligundulika kuwa na dalili za bangi mwilini. Lakini uchunguzi haukuishia hapo: ulionyesha pia kwamba kipenga cha tahadhari ndani ya injini kilikuwa kimezibwa. Tarehe 28 Agosti 1991, treni ya chini ya ardhi iliacha reli mjini New York, wakafa watu 5. Dereva wake alikuwa amelewa. Miezi miwili baadaye, Oktoba 1991, Marekani ilipata sheria ya kuwapima wafanyakazi wa usafiri, na madereva wa malori na mabasi huko wana kikomo cha miligramu 40.

Funzo lililomo humo ni chungu. Sheria ile ililipiwa kwa roho. Nasi twauliza kama ni lazima kila nchi ilipe bei yake yenyewe kabla ya kujifunza, au yawezekana kujifunza kwa msiba wa jirani.

Lakini kuiga nako kwataka uangalifu. Majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2013 kuwapima madereva pumzi barabarani, kwa kifaa ambacho watu walikiita alkoblou. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaziangusha kanuni zilizotumika, kwa kuwa hazikuwiana na sheria mama. Nia njema iliyojengwa juu ya msingi mwembamba huanguka siku ya kwanza mbele ya wakili. Anayetaka kupima na aanze kwa kuandika vyema.

Yapasayo kufanywa

Kwanza, kila ofisi, shirika, hoteli na mwenye magari aandike kanuni. Iwe ya Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja au miwili, isomwe mbele ya wafanyakazi na wawakilishi wao, na itiwe saini. Iseme waziwazi kwamba hapana mtu atakayeendesha kwa kazi akiwa na kileo au dawa ya kulevya mwilini. Na iwahusu wote: dereva, utingo, fundi, bwana shamba, na mkurugenzi anayependa kujiendesha. Kanuni inayomshika mdogo na kumpitisha mkubwa si kanuni, ni kejeli.

Pili, anayetoa ufunguo apewe mamlaka ya kuukataza. Leo mlinzi au msimamizi wa usafiri akiwa na shaka hufumba macho, kwa kuwa safari ni ya bwana mkubwa. Na afunzwe dalili za kutazama, apewe namba ya mtu wa kumwarifu, na alindwe kwa maandishi kwamba hatapata dhara kwa kusema hapana. Saini yake iwekwe kando ya saini ya dereva. Mtu akijua kwamba jina lake limo, hutazama.

Tatu, kupima kuwe kwa utaratibu unaojulikana: kabla ya kuajiriwa, baada ya ajali, panapokuwa na shaka yenye sababu, na kwa bahati nasibu inayomwangukia yeyote. Kipima pumzi ni chombo kidogo, na bei yake ni haba ukiilinganisha na ya gari moja lililopinduka. Kipimo cha dawa za kulevya kina mambo zaidi. Mkojo waweza kuonyesha bangi siku nyingi, hata majuma, baada ya mtu kuitumia. Kwa hiyo jibu la kwanza lisiwe hukumu. Lithibitishwe katika maabara, mtu aelezwe, asikilizwe, na siri yake itunzwe.

Nne, na hili twalisisitiza kuliko yote, pawe na milango miwili. Anayekuja mwenyewe, kabla ya kukamatwa na kabla ya kudhuru mtu, akasema nina tatizo, afunguliwe mlango wa matibabu: aondolewe usukani, apewe kazi nyingine kwa muda, na akithibitika kupona arudi. Anayeficha na kuendesha akiwa amelewa afungiwe. Shirika la Kazi Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1996, lilishauri kwamba matatizo ya pombe na dawa za kulevya kazini yachukuliwe kama matatizo mengine ya afya, bila ya ubaguzi. Kwetu mahali pa kumpeleka mtu pako: zipo soba hausi, iko huduma ya methadoni Kidongo Chekundu, na iko Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2021. Kinachokosekana ni barabara ya kumtoa dereva yadini na kumfikisha huko bila ya kumvunjia heshima.

Tano, ratiba zirekebishwe. Dereva anayengoja usiku apewe mahali pa kupumzika, au abadilishwe. Aliyefanya kazi mchana kutwa asipewe zamu ya usiku. Anayejua leo kwamba kesho atatoka alfajiri aambiwe leo mapema, ajue saa ya kujizuia.

Sita, Serikali ianze na nafsi yake. Magari yake ni mengi, na mengi zaidi huyakodi. Wizara inayokodi basi la wanafunzi au lori la mchanga iandike katika mkataba kwamba mwenye gari awe na kanuni hii na aionyeshe. Siku Serikali itakapoitaka kanuni, wafanyabiashara wataiandika bila ya kuhimizwa.

Majibu kwa wenye shaka

Twajua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba kipimo kitakuwa silaha ya fitina, na kwamba msimamizi atamwandama asiyempenda. Hofu hiyo si ya bure. Visiwa ni vidogo na chuki husafiri upesi. Ndiyo maana tumetaka kanuni iandikwe pamoja na wafanyakazi, bahati nasibu ichezwe hadharani, na jibu lithibitishwe na maabara. Fitina hustawi pasipokuwa na kanuni. Dereva anayefukuzwa leo kwa maneno ya barazani angekuwa na cha kujitetea nacho.

Itasemwa pia kwamba kumwuliza mtu mzima kama amekunywa ni kumtukana, hasa akiwa ni Muislamu mwenye sijda usoni. Twajibu kwamba rubani huulizwa, nahodha huulizwa, na heshima yao haijapungua. Swali linaloulizwa kwa watu wote kila siku si tuhuma kwa mtu yeyote. Tusi ni kumwuliza mmoja tu.

Mwisho, twawageukia madereva wenyewe. Wengi wenu ni watu wa makini, mnaorudi nyumbani kila usiku bila ya kumkwaruza mtu, na hamjapata hata siku moja kuandikwa gazetini kwa sababu hiyo. Kanuni tunayoitaka ni ngao yenu pia. Yampa dereva neno la kumwambia mkubwa aliyelewa anayedai usukani, na neno la kumwambia mwenzake anayempitishia chupa: siwezi, nina zamu alfajiri.

Katika mila zetu, mtu akiwekewa amana huulizwa namna alivyoitunza, na aliyeiweka huulizwa pia kwa nini alimwekesha asiyefaa. Ufunguo wa gari ni amana ya namna hiyo, inayopita mikono miwili kila alfajiri. Kesho, kabla ya kuutungua kwenye msumari, mwenye kabati na amtazame usoni mwenye kuupokea, amwulize amelala saa ngapi, na angoje jibu.